Dereva alipwe kwa saa, si kwa safari

Basi linalotoka Mpanda kwenda Dar es Salaam hupita Sikonge, Tabora, Singida, Dodoma na Morogoro. Ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Njiani abiria hulala, huamka, hula na kulala tena, lakini dereva hawezi kusinzia hata sekunde tano. Pamoja na hayo, madereva wengi wa mabasi nchini hulipwa kwa safari: akienda anapewa posho, asipoenda hana kitu. Kwa maoni yangu, utaratibu huu ukome. Dereva alipwe kwa saa alizofanya kazi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema wazi kuwa saa za kawaida za kazi zisizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki, na siku za kazi zisizidi 6. Saa inayozidi hapo ni ya ziada. Hufanywa kwa makubaliano tu, na malipo yake hayapungui mara moja na nusu ya mshahara wa saa ya kawaida. Tuchukue mfano wa dereva mwenye mshahara wa shilingi 390,000 kwa mwezi. Saa yake moja ni kama shilingi 2,000, kwa hiyo saa ya ziada ni shilingi 3,000. Tena, tangu mabasi yaliporuhusiwa kusafiri usiku mwaka 2023, wapo madereva wanaofanya kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Saa hizo nazo zina nyongeza ya asilimia 5.

Sheria haikuishia kwenye fedha. Imeweka kikomo pia: saa za ziada zisizidi 50 katika wiki 4. Dereva anayefanya kazi saa 12 kwa siku, siku 6 kwa wiki, bila kuhesabu muda wa chakula, anafikisha saa 72. Saa 27 kati ya hizo ni za ziada. Kwa wiki 4 zinakuwa 108, zaidi ya mara mbili ya kikomo. Tajiri wake hata akizilipa zote, bado amevunja sheria, kwa sababu fedha haiondoi uchovu.

Hapo ndipo ubaya wa malipo ya safari unapoonekana. Yanamfanya dereva aone kupumzika ni hasara, na yanamfanya tajiri asione sababu ya kuhesabu saa. Zisipohesabiwa, hakuna anayejua kama kikomo kimevukwa mpaka basi lipinduke.

Wamiliki wa mabasi wana hoja yao. Mafuta ni ghali, vipuri ni ghali, na nauli za mabasi ya kawaida zina kikomo kinachowekwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA). Wanauliza fedha za saa za ziada zitoke wapi. Hoja hiyo ina uzito, lakini jibu lake si kumbebesha dereva mzigo. Gharama ya dereva wa pili na ya saa za ziada iingizwe katika hesabu ya nauli, kama yanavyoingizwa mafuta. Nami kama abiria niko tayari kuongeza kidogo nifike salama.

Wengine husema saa za dereva haziwezi kuhesabika kwa kuwa hana ofisi. Hilo si kweli. LATRA ina mfumo wa kufuatilia mwenendo wa mabasi, na dereva hutambuliwa kwa kitufe chake maalumu. Kumbukumbu zinazotumika kumkamata akizidisha mwendo zitumike pia kumlipa akizidisha saa.

Madai haya si mapya. Tarehe 10 Aprili 2015 madereva wa mabasi waligoma, na abiria wakakwama katika stendi ya Ubungo. Moja ya madai yao lilikuwa mikataba ya ajira. Sheria inamtaka mwajiri aandike saa za kazi na namna mshahara unavyokokotolewa. Asipoweza kuonyesha maandishi hayo shauri linapofika mbele ya vyombo vya sheria, mzigo wa kuthibitisha ni wake.

Ndugu mtahiniwa, baada ya mtihani baadhi yenu mtapata ajira ya kwanza, na wengine mtapanda basi kurudi nyumbani Mpanda, Inyonga au Karema. Kabla ya kutia sahihi mkataba wowote, tafuta mahali palipoandikwa saa za kazi. Kama hapapo, uliza.

Maswali
1. Kwa nini mwandishi anasema kulipa saa zote 108 bado ni kuvunja sheria?
2. Taja hoja moja ya wamiliki wa mabasi na jibu la mwandishi.
3. Je, unakubaliana na mwandishi kuhusu nauli? Toa sababu mbili.