Mtoto Mwenye Ulemavu na Haki Yake Shuleni



Mwezi huu twazungumza juu ya jambo ambalo wengi wetu hulisema kwa kunong'ona: mtoto aliyechelewa kusema, asiyesikia vyema, au ambaye herufi humchanganya kila azitazamapo. Zipo nyumba ambamo mtoto wa namna hii hufichwa wageni wanapobisha hodi. Hapa Marekani sheria haikubali afichwe shuleni.

Kabla ya mwaka 1975 shule nyingi za serikali za nchi hii ziliwafungia milango watoto wenye ulemavu. Mwaka huo ikapitishwa sheria, ambayo tangu 1990 yaitwa IDEA, iliyowapa elimu ya bure inayowafaa. Wala mzazi asiogope suala la hati za uhamiaji. Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1982 kwamba mtoto hawezi kunyimwa shule ya serikali kwa kukosa hati hizo.

Mlango wa sheria hii ni barua. Maneno tunayomwambia mwalimu wakati wa kumchukua mtoto husahauliwa jioni ile ile. Mzazi aandike, atie tarehe, aombe mtoto afanyiwe uchunguzi wa elimu maalumu, na abaki na nakala. Uchunguzi haulipiwi. Mzazi akishatoa ridhaa yake kwa maandishi, shule ina siku 60 za kuumaliza, isipokuwa pale jimbo lilipoweka muda wake lenyewe. Shule ikikataa kuchunguza, yapasa ieleze sababu kwa maandishi.

Hapa pana hatari inayotuhusu sisi hasa. Mtoto aliyefika juzi, ambaye Kiingereza bado ni kizito kinywani mwake, aweza kudhaniwa ana upungufu wa akili. Sheria yakataza hilo: kutojua Kiingereza si ulemavu. Lakini lipo na kosa la upande wa pili, nalo twaliona kuwa baya zaidi kwa sababu huvaa sura ya upole. Huambiwa, "Tungoje kwanza ajifunze lugha," na miaka miwili ikapita, kumbe mtoto hasikii.

Akionekana anastahili, huitishwa mkutano wa kuandika mpango wake wa elimu, uitwao IEP. Mezani watakuwapo watu watano au sita wa shule, na mzazi mmoja. Yeye ni mjumbe kamili wa kikao hicho, si mgeni. Shule yatakiwa imletee mkalimani, basi asiridhike kutafsiriwa na binti yake wa miaka kumi na miwili. Kumheshimu mwalimu ni adabu yetu njema, ila heshima haidai sahihi ya papo kwa papo. Mzazi aweza kuomba karatasi akaisome nyumbani, na huduma maalumu hazianzi asiporidhia. Mpango usiwe wa kumpitishia mtoto siku tu: mwaka 2017 Mahakama ya Juu ilitamka kwamba yapasa umwezeshe kupiga hatua inayolingana na hali yake.

Tena wazazi wa vijana watahadhari. Haki hizi zaweza kuendelea hadi kijana atimize miaka 22, kwa kufuata sheria ya jimbo, lakini hukoma siku apokeapo diploma ya kawaida ya sekondari. Yafaa shule iulizwe mapema, kabla joho la mahafali halijashonwa.