Nusu saa haivuki mto: barua ya wazi kwa Waziri wa Kazi

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima zote, na kwa hasira ambayo heshima hiyo haitoshi kuificha, nakuandikia kutoka Lubunga, Kisangani, kuhusu nusu saa. Sheria ya Kazi ya 16 Oktoba 2002 inampa mama anayenyonyesha mapumziko mawili ya nusu saa kwa siku, yanayolipwa kama muda wa kazi. Mwajiri wangu, ambaye simtaji, amenikata mshahara kwa kuizidisha nusu saa hiyo. Saa yake ya ukutani haikukosea. Aliyekosea ni aliyedhani nusu saa inatosha.

Mji huu unaujua. Ofisi na benki ziko Makiso, Lubunga iko ng'ambo, na daraja juu ya mto Kongo hatuna. Mama atoke kazini, apande toleka, baiskeli ya abiria, hadi bandarini, angoje mtumbwi ujae, avuke, apande toleka nyingine hadi nyumbani, anyonyeshe, kisha arudi vilevile. Nusu saa inaisha mtumbwi haujang'oa nanga. Hata mama wa Mangobo, asiye na mto wa kuvuka, huimaliza barabarani. Mtunga sheria bila shaka alimwona mama anayeishi nyuma ya ofisi yake, labda kule Gombe, Kinshasa. Sheria zetu nyingi zimetungwa hivyo, kana kwamba Kongo nzima ni Gombe.

Serikali hiyohiyo, kwa mdomo wa Wizara ya Afya, inatuhimiza mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake miezi 6. Kifungu cha 130 cha Sheria ya Kazi kinatoa likizo ya uzazi ya wiki 14, lakini baada ya kujifungua zisizidi 8. Tangu wiki ya 8 hadi mwezi wa 6, agizo la Wizara ya Afya linategemea nusu saa ya Wizara yako. Ziwa lisiponyonywa kutwa hujaa na kuuma, linaweza kupata uambukizo, na maziwa yenyewe hupungua. Akamue? Katika joto letu maziwa hayangoji jioni bila friji, na friji inangoja umeme wa SNEL. Anunue ya kopo? Bei yake tuiache. Yanakorogwa kwa maji, katika mkoa wetu wa Tshopo, uliopigwa na kipindupindu mwaka 2025. Kwamba wakati wa likizo tunalipwa theluthi mbili tu ya mshahara, hilo nalo halinunui makopo.

Waajiri watasema ukiongeza haki hawataajiri wanawake. Hofu hiyo ina msingi pale gharama inapobebeshwa mwajiri peke yake, na Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unataka fedha za likizo ya uzazi zitoke kwenye bima ya jamii au mfuko wa umma. Mfuko wa hifadhi ya jamii, CNSS, tayari unapokea kutoka kwa mwajiri asilimia 6.5 ya mshahara kwa tawi la familia; hesabu ianzie hapo. Wengine watauliza mama muuza mihogo sokoni anapata nini. Kweli, hapati likizo hata ya siku moja, na akilala nyumbani watoto wanalala njaa. Lakini mtoto wake yuko mgongoni, ananyonya anapotaka. Tumefika mahali ambapo asiyelindwa na sheria ananyonyesha, na aliyelindwa anakatwa mshahara.

Mkataba huohuo unakubali muda wa kunyonyesha utolewe kwa kupunguza saa za kazi za siku. Basi mama aruhusiwe kuunganisha nusu saa zake, aingie baadaye au atoke mapema. Wiki ambazo hakuzitumia kabla ya kujifungua zihamie baada. Na penye wafanyakazi wengi kiwepo chumba ambamo yaya anaweza kumleta mtoto. Sheria ikichelewa bungeni, kama kawaida yake, wakaguzi wa kazi wa Tshopo wapewe agizo la maandishi: muda wa njia usihesabiwe ndani ya nusu saa ya kunyonyesha, na makato yaliyokwisha kufanywa yarudishwe.