Mfupa Kukosekana Si Mtu Kukosekana

Juzi pale Mkunguni jamaa mmoja katupiga kijembe barazani: "Binadamu wa kwanza ni wa Turkana. Nyinyi Wapwani mmekuja juzi na majahazi." Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Ndio, chuo niliacha. Kusoma sikuacha. Nisikizeni.

Yule kijana wa Turkana, aliyegunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984, ana miaka kama milioni 1.5. Ni jamii ya kale iliyotutangulia, si mtu kama mimi na wewe. Ukitaka watu wa aina yetu, mifupa ya Omo, Ethiopia, ina karibu miaka 200,000 au zaidi. Halafu 2017 ikatangazwa ya Jebel Irhoud, Moroko, kama miaka 300,000: uso unafanana na wetu, fuvu bado refu la kizamani. Sasa mshindi nani? Hakuna. Hii si AFCON, jamani.

Mfupa haudumu kila mahali. Bonde la Ufa lina majivu ya volkeno na tope la maziwa. Vikaufunika, kisha ardhi ikapasuka ikautoa nje. Huku kwetu je? Miaka 20,000 iliyopita bahari ilikuwa chini kwa zaidi ya mita 100. Fukwe walizokanyaga watu wa wakati ule leo samaki ndio wanazipita. Halafu mtu akikosa mfupa, aseme hatukuwako!

Na Pwani pakichimbwa, panatoa. Mwaka 2021 ilitangazwa kuwa kwenye pango la Panga ya Saidi, Kilifi, mtoto wa miaka kama mitatu alizikwa miaka 78,000 iliyopita. Ndilo kaburi la kale zaidi la binadamu linalojulikana Afrika. Jina wamempa Mtoto, kwa lugha yetu. Alilazwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa, kichwa kama kilichowekewa mto.

Tulieni, sisemi alikuwa Muislamu. Wala sisemi ni babu yangu. Nasema kuna mtu alimlaza vile kwa mapenzi, Pwani hii hii, kabla ya jahazi lolote.

Watoto wetu wanakariri Turkana na Olduvai. Mtoto wa Kilifi nani kawaambia? Waambieni nyinyi, leo. Na ukipigwa kijembe barazani, usicheke. Jibu: 78,000.