Flashi iliyotoka steshenari

Jumatatu. Binti wa jirani alibisha hodi jioni, flashi mkononi, macho mekundu. “Shikamoo baba. Ripoti yangu ya fildi imefutika yote.” Alikuwa ametoka kuchapa kurasa chache steshenari. Alipofika nyumbani alikuta mafolda yote yamegeuka njia za mkato, kila moja na kimshale pembeni. Fundi mmoja alikuwa ameshamshauri aiformati flashi. Namshukuru Mungu hakumsikiliza, maana kazi yake ya miezi miwili ilikuwa bado imo humo humo.

Kirusi cha aina hii hakifuti kitu. Huyaficha mafaili halisi, kisha huweka mahali pake njia za mkato zenye majina yale yale, ili ukibonyeza folda lako uwe umekifungulia mlango kwa mkono wako. Zamani mkono wako haukuhitajika. Ulipochomeka flashi, Windows ilikuwa tayari kuendesha yenyewe kilichomo, na kirusi cha Conficker kilichoibuka mwaka 2008 kiliitumia sana nafasi hiyo. Microsoft ilipoufunga mlango huo, watengeneza virusi wakatafuta namna ya kuazima kidole cha mwenye mashine.

Tulikisafisha kirusi kwanza, kwa kinga iliyokuja na Windows yenyewe, ndipo tukayafichua mafaili kwa amri ya attrib. Ukitanguliza kufichua, kitayaficha tena. Ripoti ilipotokea kwenye kioo, binti alikaa kimya kidogo, kisha akaanza kuhesabu kurasa moja moja. Nimemwomba awe na flashi ya steshenari peke yake, isiyobeba chochote ila faili la kuchapa, na ikirudi ipimwe kabla ya kufunguliwa. Tena kazi ya kurasa mbili haihitaji flashi, aitume kwa barua pepe.

Jumatano. Nimekutana tena na mtu aliyezima masasisho kwa sababu yanakula bando. Simlaumu. Sasisho moja kubwa linaweza kumaliza bando la wiki nzima, na nyumbani kuna watoto wanaotaka kusoma. Lakini tarehe 12 Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilipofunga mafaili kwenye kompyuta zaidi ya laki mbili na kudai fidia, hata hospitali za Uingereza zikalazimika kuahirisha upasuaji, dawa ya tundu kilimopitia ilikuwa imetolewa tangu tarehe 14 Machi. Karibu miezi miwili! Walioumia zaidi ni wale ambao mashine zao hazikuwa zimesasishwa. Mimi nanunua bando la usiku mara moja kwa mwezi, naiacha mashine ijishushie yake nikiwa nimelala. Hiyo ni gharama ya nyumba, kama luku.

Na wenye Windows 10 wafahamu kwamba muda wake wa kawaida wa kuhudumiwa ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine inawaka kama kawaida, ila matundu mapya hayazibwi, isipokuwa kwa aliyejiandikisha kupata masasisho ya usalama ya muda wa nyongeza. Laptopu nyingi za mitumba hazina sifa za kupokea Windows 11. Kwa hizo ningeweka Linux Mint, ambayo haiuzwi, kuliko kumpa fundi apige windo ya kuiba. Kitu kinachokuamuru uzime kinga kabla ya kukisakinisha kimeshakueleza nia yake.

Alhamisi. Kompyuta ya shemeji inachukua dakika saba kuwaka. Nilikuta programu mbili za kuzuia virusi zinapigania kila faili linalofunguliwa. Nimeiondoa moja. Nikabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nikazizima programu tisa zilizokuwa zikijiwasha pamoja na mashine bila mtu kuziita. Ikashuka hadi dakika nne. Zilizobaki ni za diski yake ya kuzunguka, na hapo hakuna programu ya kuongeza kasi itakayosaidia. Nyingi ya hizo zinazotangazwa ni mzigo mwingine tu, na baadhi zina virusi. Anunue SSD. Kwa mashine ya umri ule sijui pesa inayofanya kazi vizuri zaidi.

Jumamosi. Siku ya kunakili. Picha za marehemu mama, vyeti, hati ya kiwanja, vyote vinakwenda kwenye diski ya nje, kisha naichomoa na kuirudisha kabatini ndani ya mkebe wa biskuti. WannaCry kilifunga hata mafaili ya diski zilizokutwa zimechomekwa, kwa hiyo yangu hailali kwenye mashine hata usiku mmoja. Leo nimeongeza folda moja, ripoti ya fildi. Binti wa jirani ameniomba nimtunzie mpaka aikabidhi chuoni.