Mkono wa Damu Si Jibu la Alama Mbili

Muulize kijana aliyemaliza kidato cha nne hapa Namswea, au Mbinga mjini, Carl Peters alikuwa nani. Atakujibu haraka: Mjerumani aliyesainisha mikataba ya ulaghai na akina Mangungo wa Msovero mwaka 1884. Basi. Alama mbili, tunasonga mbele.

Jamani, hiyo ni nusu ya habari, tena ile nusu nyepesi!

Mwaka 1891 Peters alikuwa kamishna wa Kaiser huko Kilimanjaro. Akamnyonga mtumishi wake, Mabruk. Mapema 1892 akamnyonga Jagodja, msichana aliyemfanya suria. Waliomwita Mkono wa Damu hawakukosea. Hata Ujerumani kwenyewe kulichafuka: August Bebel alimwanika bungeni mwaka 1896, na 1897 akafukuzwa kazi.

Unadhani yaliishia hapo? Wapi! Mwaka 1905 Kaiser akamrudishia cheo. Peters alikufa 1918. Mwaka 1937 Hitler akamsafisha kabisa. Na 1941, mwaka uleule ambao vikosi vya polisi wa usalama wa Manazi vilikuwa vikiwapiga risasi Wayahudi kwa maelfu huko Ulaya Mashariki, Berlin ilitoa filamu ya kumtukuza.

Ndiyo maana nasema Manazi walimsoma Peters vizuri kuliko sisi. Sisi tuliona mikataba. Wao waliona mtu anayeua kisha anapewa heshima.

Wapo watakaosema nachanganya mambo. Sisemi Maji Maji na mauaji ya Wayahudi ni kitu kimoja. Lakini Songea, si mbali na hapa, viongozi wa Wangoni walinyongwa kwa pamoja tarehe 27 Februari 1906. Vyakula vikachomwa makusudi ili njaa imalize kazi. Wapo wanahistoria wanaokadiria waliokufa katika vita vile kufikia 300,000. Mazoea ya kuua huwa na shule yake.

Agosti 2024 Berlin iliuondoa mtaa wa Petersallee, na sehemu yake sasa inaitwa Maji-Maji-Allee. Mjerumani akienda dukani anasoma jina la vita vya babu zetu. Na sisi? Bado tunakariri jina la mnyongaji na kuwaacha walionyongwa.

Walimu wa historia, naomba kitu kimoja tu. Mkiandika Peters ubaoni, andikeni na Mabruk na Jagodja. Chaki haitaisha.