Hesabu ya Mlangoni Haitoshi

Katiba ya 2010 iliziweka maktaba za umma mikononi mwa serikali za kaunti. Basi maktaba inayowasaidia wanafunzi kazi za nyumbani itaulizwa na mwenye fungu la fedha: faida yake nini? Mara nyingi jawabu huwa daftari la mlangoni, waingiao na watokao. Hiyo ni hesabu ya miguu, si ya elimu.

Huko Marekani, jumuiya ya maktaba za umma ilianzisha mwaka 2015 mpango uitwao Project Outcome. Aliyehudumiwa huulizwa: umejifunza kitu? Umezidi kujiamini? Utakitumia ulichojifunza? Umezijua huduma nyingine za maktaba? Maswali haya humtazama msomaji, si mlango.

Nayasifu, lakini kwetu pwani naongeza la tano: nani hakuja, na kwa nini? Watoto wetu wengi wakitoka skuli huenda chuoni kusoma Kurani. Huduma ikiwekwa alasiri, ukumbi utakuwa mtupu, na takwimu zitanena kwamba wana wa Kiislamu hawapendi kusoma. Uongo huo utavaa kanzu ya hesabu, na huduma itafungwa. Asiyekuwapo na lake halipo.

Kwa hivyo, kabla ya kufunga, waulizwe wazazi na walimu wa vyuo, saa zibadilishwe, kisha ihesabiwe upya. Kurani ina sura nzima, Al-Mutaffifin, iliyopewa jina la wapunjao vipimo. Mizani ya elimu nayo ni mizani.