Msimhukumu Aliyebadilika Tabia

Ndugu zangu wa Usevya, mtu mpole akigeuka mkali, au mchapakazi akilala mchana kutwa mpunga ukimwozea shambani, mnasema nini? Husemwa amerogwa. Huitwa lambalamba, mganga wa kufichua wachawi, naye mama mzee wa jirani hukosa amani.

Nawasihi, kabla ya ramli ulizeni juu ya ubongo. Subira, haya na mipango ya mtu hutegemea sana sehemu ya mbele ya ubongo. Uvimbe ukiota hapo, tabia yaweza kubadilika kabla hajaanguka kifafa. Maumivu ya kichwa yanayozidi alfajiri, pamoja na kutapika, ni dalili ya kumwahisha hospitali.

Mwaka 1937 George Gershwin, mtunzi mashuhuri wa muziki wa Marekani, aliumwa kichwa na kunusa harufu ya mpira unaoungua. Madaktari wakadhani ni maradhi ya hisia tu, kumbe ni uvimbe wa ubongo. Alikufa Julai ile, baada ya upasuaji uliochelewa, akiwa na miaka 38. Ikiwa tajiri wa Hollywood alidhaniwa hivyo, mkulima wa huku kwetu Mpimbwe atapona vipi ulimi wa watu?

Safari ni ndefu, sikatai: kukatiza Hifadhi ya Katavi hadi Mpanda, kisha pengine Mbeya, au Dar es Salaam kwenye Taasisi ya Mifupa Muhimbili, ambako ubongo hupasuliwa. Lakini si kila uvimbe ni saratani. Meninjioma, yaani uvimbe wa utando unaofunika ubongo, nyingi hukua polepole na huweza kuondolewa.

Kubwa zaidi ni atakaporudi. Kidonda kitafunga, nanyi mtadhani amepona, kumbe hakumbuki alilotumwa sokoni. Deksamethasoni, dawa ya kupunguza kuvimba kwa ubongo, yaweza kumnyima usingizi na kumtia hasira; mionzi yaweza kumchosha. Tena yeye mwenyewe aona kwamba si yule wa zamani, na jambo hilo humliza usiku. Kumwambia “jikaze” ni ukatili, hata likisemwa kwa mapenzi.

Mwambieni jambo moja moja. Mwandikieni dawa na saa zake. Huzuni ikizidi, mwambieni daktari kama mnavyomwambia kuhusu homa. Na kikao cha ukoo kikiitishwa juu ya shamba lake, kiitisheni asubuhi akili ikiwa imetulia, naye awepo, aulizwe, na jibu lake lisubiriwe.